Matundu Matano

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Rongai tuko salama. Babu yako anakohoa kidogo tu, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Umeniuliza ufanye nini, kwa kuwa uliwashinda wanaume wote kulenga shabaha huko jeshini nao wanasema ulibahatisha.

Miaka ya hamsini nilikuwa yaya kwa mama mmoja Mzungu kule Molo. Siku ya mashindano ya bunduki alipiga risasi tano, nami nikatumwa kuleta ubao wake wa shabaha. Matundu yote matano yalikuwa katikati. Mwanamume aliyemfuata alipata matatu. Mwamuzi akautazama ule ubao, akasema, "Huyu amesaidiwa na upepo," akampa yule bwana kikombe.

Nikamwambia, "Bwana, upepo ulikuwa wa wote."

"Nyamaza, yaya."

Mama mwenyewe alikuwa akimpigia mshindi makofi, macho yamejaa machozi. Kesho yake nilifukuzwa kazi, naye hakunitetea. Nimezeeka, Chebet, na bado nina hasira. Kazi niliisamehe zamani. Yale makofi yamenishinda kusamehe.

Mungu akutie nguvu, mama.

Ni mimi nyanya yako.