Mahindi ya Hawa

Mlola, 4 Februari 2024

Kwa mume wangu Baba Hawa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Shume, na baridi haijakuzidi nguvu. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakohoa asubuhi tu, jua likitoka anaanza kugombana na kuku kama kawaida. Mimi miguu imevimba, lakini mkunga amesema nisiogope.

Nikipiga simu hupatikani. Saidi wa lori la kabichi kaniambia huko kambini kwa wazungu unakofanya kazi simu mnaziacha getini, hamzishiki tena. Basi amekubali kuwa posta wetu.

Baba Hawa, tangu Idi kubwa hujakanyaga nyumbani. Na siku ile ulipita njia ya juu ili usipite migombani alipolala Hawa. Sikulaumu. Siku alipofariki barabara iliporomoka kwa mvua, ukaja kwa miguu usiku na mchana, ukakuta tumeshazika. Dini yetu haiweki maiti. Lakini hukuiona sanda, hukutia udongo wako mara tatu kama baba anavyotakiwa. Ndiyo maana kwangu mimi Hawa amekufa, kwako amepotea tu.

Huyu wa tumboni anakaribia. Sikuombi hela wala kitenge. Njoo umwadhinie sikioni, umpe jina. Basi.

Wako,
Mama Hawa


Shume, 25 Februari

Mama Hawa mpenzi,

Waalaykum salaam. Barua nimeipata, mama mpe shikamoo yangu. Mimi mzima wa mwili.

Nimecheka kidogo kwa habari ya kuku, na ni siku nyingi sijacheka. Sasa nisikilize bila kunikatisha. Mwenye kambi hii, sisi tunamwita Mama Nyota, anafundisha mambo ya watu wa kale waitwao Wamaya, wa nchi za mbali ng'ambo ya bahari. Anasema wale walishuka kutoka Kilimia, nyota zile zile tunazozijua. Na anasema Mungu wao alipoumba mtu alijaribu udongo ukamomonyoka, akajaribu mti ukakosa moyo, mwisho akakanda unga wa mahindi, ndipo mtu akapatikana. Kwa hiyo roho ya mtu ni punje. Haiozi, inazunguka. Hesabu ya siku mia mbili na sitini ikitimia, inaweza kurudi kwa waliompenda.

Nilimwambia habari ya Hawa. Alilia, Mama Hawa. Mzungu mzima alinishika mikono akalia. Wanaume wenzangu pale Mlola waliniambia "kaza moyo" wakaniachia jembe.

Nitumie yale mahindi ya darini, yenye punje nyekundu, aliyoyachagua Hawa kwa mikono yake. Tutayapanda hapa, kwenye duara la ibada yao.

Mumeo,
Baba Hawa


Mlola, 9 Machi

Baba Hawa,

Salaam nyingi. Sisi wazima, mimi sasa nikikaa siinuki bila kushikwa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, mara moja nimemsomea mama yako. Akasema, "Kama mtu ni mahindi, basi kila siku tukisonga bada tukala, tunamla jirani." Nikacheka mpaka mtoto akanipiga teke. Lakini usiku sikucheka. Nilitamani iwe kweli. Mimi nimeishia darasa la saba, sijui ya nyota. Kilimia nakijua kwa sababu marehemu baba alikiangalia ajue lini apande. Sikujua kuna watu huko.

Niulizie jambo moja. Hao Wamaya wapo hai bado? Kama wapo, watoto wao waliokufa walirudi?

Mahindi nayaleta. Nilipanda kwenye dari ya jiko mwenyewe na tumbo langu, mama akishika ngazi na kunitukana. Yote yalikuwa meusi kwa moshi, nikayafuta na khanga yangu. Unakumbuka alivyokuwa anayapanga kwa rangi, akisema haya mabibi harusi? Nimeshindwa kuyapanda, nimeshindwa kuyasaga. Nusu nimekutumia. Nusu nitapanda hapa, maana mvua imeshaonyesha dalili, na atakayezaliwa atataka kula.

Njoo, mgoshi wangu. Kama unaamini roho zinarudi, njoo uzipokelee nyumbani.

Mama Hawa


Shume, 28 Machi

Mama Hawa,

Natumai hamjambo wote. Mahindi yamefika, nimeyanusa, yana moshi wa jiko letu, nikakaa chini.

Tumeyapanda. Hesabu imeanza siku punje zilipoingia ardhini. Wageni walipiga ngoma, mimi nikafukia kwa mikono.

Nilimuuliza Mama Nyota swali lako. Anasema Wamaya wapo, wanalima mahindi na maharage kama sisi, wengine wanaenda kanisani. Lakini anasema wa leo wamesahau.

Naomba kitu. Ukijifungua, usimpe mtoto jina mpaka hesabu yangu iishe. Huenda ni yeye. Tukimpa jina jingine tutakuwa tumemfungia mlango.

Mumeo,
Baba Hawa


Mlola, 14 Mei

Baba Hawa,

Assalaam alaykum. Hatujambo, alhamdulillahi. Umepata mtoto wa kiume, juzi tumetimiza arobaini. Ana masikio yako, yamechomoza kama ya sungura. Mama yako alipomwona alisema, "Huyu hana haja ya cheti."

Mjomba Abdallah ndiye aliyemwadhinia, kwa kuwa wewe hukuwepo. Siku ya saba watu wakaja, wakauliza jina. Nikasema baba yake analileta. Wakatazamana. Sasa tunamwita Mgeni. Mama yako anakasirika, anasema mtoto hakai ukumbini kama mgeni nyumbani kwao. Mimi namtii mume wangu, ila nikimwogesha na kumwita Mgeni, roho inaniuma.

Mume wangu, nimewaza juu ya hesabu yako. Siku mia mbili na sitini si ndiyo miezi tisa? Hiyo nimeshaibeba. Imeisha, ipo hapa mgongoni kwangu inanyonya vidole. Si Hawa. Nimemwangalia sana, nimemtafuta Hawa machoni mwake kwa siku nyingi, simwoni. Ni mtu mwingine kabisa, naye ana haki ya kungojewa.

Na nikuulize tena, watu wanasahauje mambo ya kwao, halafu mgeni ndiye ayakumbuke?

Mahindi yetu yamefika magotini.

Mama Hawa


Mlola, 30 Julai

Baba Hawa,

Salaam. Saidi anasema barua ya Mei alikupa mkononi, ukaiweka kifuani. Sijapata jibu. Mgeni alipata homa, ile ile aliyoanza nayo Hawa. Nilimbeba mpaka zahanati nikikimbia, nikipita penye kaburi nikafumba macho. Amepona. Nilitaka ujue tu kwamba amepona.

Mama Hawa


Shume, 8 Septemba

Mke wangu,

Natumai mtoto hajambo. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nangoja mahindi kwanza.

Mahindi yaliota, Mama Hawa. Kwa baridi hii yalichelewa, lakini yaliota. Kila asubuhi nilisimama katikati ya duara nikaita jina lake. Yalitikisika kwa upepo tu.

Wiki iliyopita walikuja wageni wengi. Wakavunja mahindi mabichi, wakachoma, wakaimba, wakakumbatiana. Mama Nyota akaniletea moja kwenye sahani, tena kwa upendo, akasema, "Kula, mwanao sasa yumo ndani yako." Nikaling'ata. Mama Hawa, lilikuwa tamu. Lilikuwa hindi. Nikatema nikakimbilia nyuma ya jiko. Josephina mpishi akanikuta nimelishika hivi, kama mtoto. Akasema, "Kaka, ule au usile, lakini usilibembeleze. Nenda kwenu ukalie."

Mama Nyota na wageni wameshuka kwenda pwani. Nimebaki mimi na mabua. Hindi moja lililokomaa zaidi nimelificha, linakauka.

Nitakuja na uso gani? Mtoto hana jina kwa ajili yangu.

Hashimu


Mlola, 20 Septemba

Mume wangu,

Usisaini jina tupu kwangu kama mtu wa ofisini. Wewe ni baba wa watu.

Sisi wazima. Njoo na uso huo huo, ndio nilioolewa nao. Mama Nyota simchukii, alikulilia tulipokuambia ukaze moyo. Hilo ni kosa letu, nami nimo.

Nyasi za kaburini nimeacha kuzing'oa, kwa makusudi. Kazi hiyo ni yako. Njoo utie udongo wako mara tatu, hata kama umechelewa, Mungu anajua njia ilivyokuwa. Kisha uingie ndani, umpe mwenzake jina. Uji utakuwa jikoni.

Mama wa wanao wawili


Mlola, 19 Oktoba

Baba Yunis,

Assalaam alaykum popote ulipo.

Ulikuja. Ilikuwa siku ya gulio, mimi nimeenda kuuza maharage. Mama yako alisikia jembe migombani akadhani ni Rashidi jirani yetu anachimba mashimo. Mtoto alikuwa analia kwa kuota meno, najua ulimsikia. Kutoka kaburini hadi mlangoni si mbali, Hawa alikuwa anapakimbia bila kupumzika.

Nilikuta nyasi zimeng'olewa zote. Udongo mbichi, na alama tatu za viganja vyako juu yake. Vidole nilivijua. Na hindi kavu lenye punje nyekundu limelazwa kichwani pake.

Nilikaa hapo nikalia, ila kwa ajili ya Hawa nilifurahi. Sasa amezikwa na baba yake. Kwa ajili ya mdogo wake sijui nilie vipi. Saidi anasema alikushusha Mombo, ukapanda basi, hukusema la wapi. Barua hii nimemwachia yeye. Mombo watu wote hupita.

Nimempa mtoto jina mwenyewe. Yunis, kama yule nabii aliyekaa gizani ndani ya samaki, akatoka. Mama yako alishangilia mpaka kuku wakaruka.

Hindi lako nimelichukua, usikasirike. Nimelitundika juu ya moto. Mvua ya vuli ikishika nitalipanda hapo chini ya nyumba, tena simngoji mtu aliyemo ndani yake. Ni la kula. Likikomaa Yunis atakuwa na meno ya kutosha, na mimi sijui kuchoma, huwa naunguza. Wewe ndiye uliyekuwa unachoma.

Mlango wa jikoni siutii komeo.

Mama Yunis