Mgeni wa Bi Nunu

Jumapili, 2 Novemba 2025

Ghaliya ameanza leo! Wa kwanza kutoka darasa letu la Ghubra, hapa Maskati, na aliyemtafutia kazi ni mimi. Kituo chetu kinawafunza vijana wa jamii ndogo, Wabalushi na sisi Waswahili, kutunza wazee. Ghaliya kwao ni bara, bibi yake kazaliwa Tabora. Alhamisi Bi Manal, mkuu wetu, atakwenda kumtazama kazini. Asiporidhika, Ghaliya hapati ajira.

Tatizo ni Bi Nunu, mzee mwenyewe. Alivunjika nyonga, mfupa umeshaunga, lakini hataki kusimama. Mtunzaji pia hataki—wawili keshawafukuza. Mwanawe, Bwana Msellem, akanambia kwa simu: mwambie mama huyu ni mgeni tu. Nikamwambia. Kwa nini nilikubali?! Bwana Msellem alikohoa, nami watu wanaokohoa kwenye simu siwawezi.

Jumatatu, 3 Novemba

Ghaliya kanitumia ujumbe wa sauti, ananong'ona. Haruhusiwi kuinuka! Kahawa, halwa, mkate wa kumimina. Akitaka kumshika Bi Nunu mkono anaambiwa, "Keti, mwanangu. Mgeni hafanyi kazi kwangu."

Bi Manal kauliza mambo yanakwendaje. Nimesema vizuri. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya paka.

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya tatu—nikapata wazo. Nikamwambia Ghaliya amkumbushe Bi Nunu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akamkumbusha. Bi Nunu kacheka hata kapaliwa. "Jembe huko kwenu bara! Hapa Maskati nikulimishe wapi, kwenye lami?" Akamwongezea sambusa.

Jumatano, 5 Novemba

Ghaliya anasema abaya inambana. Mimi chakula hakipiti.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumefika saa nne, mimi na Bi Manal. Mlango kafungua Bi Nunu mwenyewe! Kasimama, anasukuma kigari chake cha kutembelea, birika limening'inia kwenye mpini. Ghaliya yuko kwenye kochi, sahani mapajani.

Bi Manal akamuuliza: tangu uje, umemfanyia nini huyu mama?

Ghaliya hajui kusema uongo. "Nimekula."

Bi Manal kafungua faili. Kasoma. Kamtazama Bi Nunu akienda jikoni na kurudi, akienda na kurudi. Kasoma tena.

"Hapa wameandika hasimami."

"Hasimami nani?" kauliza Bi Nunu. "Na mgeni atampa chai nani?"

Hapo nikaomba kwenda msalani. Ndimo nilimo, naandika haya. Nasikia Bi Manal anamweleza Bi Nunu yote, kwa upole: mafunzo, kazi, ripoti. Kisha Bi Nunu—

"Kumbe yuko kazini! Na mimi nnamhangaikia tangu Jumapili, kiuno chote chaniuma! Ghaliya! Weka hiyo sahani, njoo unishike."

Kochi limelia. Nasikia nyayo zao, polepole, pamoja. Bi Manal anasema kitu, sikipati. Wanakuja huku.

"Na yule kijana alonambia mgeni," anasema Bi Nunu, "yu wapi?"

Dirisha la humu ni dogo mno.