Papa Edouard Kitenge, Uliyegonga Ukuta wa Shapeli

"Mama Wilfried, bwana yako anatafuta nini mu ule ukuta? Iko panya ndani?"

Jirani yetu Papa Florentin aliniuliza hivyo siku moja baada ya misa. Wewe ulikuwa unagonga ukuta wa shapeli, kanisa letu dogo, kwa kidole, sikio karibu, kama kila Jumapili. Nilimujibu, "Mumuache, njo kazi yake." Tukacheka sote.

Mume wangu, mwaka umetimia tangu ardhi ya Kindu ilipotikisika ikakuchukua.

Ulikuwa fundi mwashi. Ukiona nyumba ya mjane ina ufa, kesho yake ulirudi na ndoo ya udongo. Chai yako hukuigusa mpaka mimi nimekunywa yangu.

Wakati wa vita gari-moshi halikufika tena, na chuma hakikuonekana. Waamini walitaka pa kusalia, ukawajengea shapeli. Ulivuka mto, ukakata mianzi, ukaitia juu ya mlango mahali pa chuma cha kubeba ukuta, ukafunika na simenti. Uliniambia mimi peke yangu, "Vita ikiisha nitavunja, nitatia chuma." Vita iliisha. Chuma kilifika, lakini kwa maduka ya wenye mali. Ukabaki kugonga, kusikiliza kama mianzi ingali mizima. Mwezi wa mwisho kabla ya tetemeko ulirudi nyumbani, hukula. Ukasema, "Sauti imekuwa tupu, mianzi inaoza. Noeli ikipita nitawaambia waamini." Nami nikanyamaza pamoja nawe.

Redio ilisema ardhi ilivunjika mbali, upande wa ziwa. Wengine walisema ni zambi zetu. Mimi niliona maduka yenye chuma yamepata nyufa tu. Watu walikimbia inje, wewe ulikimbia ndani ya shapeli, wazee walipokuwa wakisali. Ulitoa wazee wanne. Wa tano alikuwa Jacqueline, mke wa Papa Florentin. Mlangoni ukuta wa juu ukawaangukia. Tuliwakuta, mkono wako umeshika wake.

Tangu siku ile mtoto wetu Chérie hakai karibu na ukuta wowote, anakula inje, katikati ya parsela, uwanja wa nyumba yetu. Sahani zikilia kabatini, tunakimbia inje wote. Na kila Jumapili, niko na rozari mkononi, ninakusikia: ko, ko, ko.

Tunaokulilia ni mimi mke wako Euphrasie, watoto wako Wilfried, Ange na Chérie, na dada yako Jeanne. Misa yako ni Jumapili, chini ya hema, pale pale shapeli iliposimama. Jina lako halitatoka midomoni mwetu mpaka tuonane mbele ya Mungu.

Jambo moja unisamehe. Juma hili Papa Florentin alikuja kwetu, mianzi mipya begani. Yeye ndiye anaongoza kazi ya shapeli mpya.

"Mama Wilfried, chuma iko bei kali. Tuliona mianzi ya marehemu mu vifusi. Ilibeba ukuta zaidi ya miaka makumi mbili! Tutatia vile vile, njo heshima yake. Yeye alikufa ameshika mke wangu."

Nilitaka kukubali, jina lako libaki safi. Halafu nikamuona Chérie, sahani yake magotini, peke yake juani.

"Papa Florentin, mianzi ilikuwa imeoza. Edouard alijua. Na mimi nilijua. Uliniuliza anatafuta nini mu ukuta. Njo ile alikuwa anatafuta."

Aliniangalia sana. Aliweka mianzi chini, akagonga ukuta wa nyumba yetu kwa kidole, mara moja, akasikiliza. Kisha akatoka, mianzi yake ameiacha pale chini.