Saa ya Simu ya Lurujo

Koboko,
8 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Muzamili,

Assalam alaikum. Hujambo huko Dodoma? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku ni wazima. Eid tuliila kwa baba yako, huko Awindiri, nyama ikatushinda mpaka majirani wakaitwa mara ya pili.

Baba yako kaniambia unataka kuacha chuo. Eti masomo ya mambo ya ndani ya kompyuta yanakuchosha, programu ziko tayari, na siku hizi mashine yenyewe inakuandikia. Sikugombezi. Shangazi yako ni mkunga tu, kompyuta siijui. Lakini ngoja nikusimulie yaliyotupata kwenye kituo chetu cha afya Lurujo.

Tulipewa simu yenye programu ya kuita gari la wagonjwa kutoka Koboko mjini. Unabonyeza, ombi linaenda, dereva anakuja. Tulikuwa tunaifurahia kweli. Kisha asubuhi moja akaletwa Candiru, mke wa fundi cherehani, ana uchungu na mtoto amekaa vibaya tumboni. Nikabonyeza. Simu ikasema ombi limetumwa. Tukangoja. Nikabonyeza tena, limetumwa, gari hakuna.

Candiru akanikamata mkono. "Sista, gari iko wapi?"

Nikampigia Lado, dereva.

"Mama, huku hakuna kitu," akasema. "Ombi hakuna kabisa. Mimi nakuja sasa hivi."

Akaja mbio. Hospitalini wakamfanyia Candiru upasuaji, akatoka mtoto wa kike analia kwa hasira.

Programu hiyo imetengenezwa na kampuni ya Arua anakofanya kazi dada yako Hasifa, binti yangu. Akaja na mwenzake Albert, kijana mchangamfu sana. Albert akaifuta programu, akaiweka upya, akaiuliza ile mashine inayojibu kila kitu, akajaribu kila ilichomwambia. Wapi! Ajabu ni kwamba simu hiyo ikipelekwa Koboko mjini inafanya kazi vizuri. Ikirudi Lurujo, maombi yanapotea.

Hasifa alikuwa bado hajagusa kitu. Akaniuliza, "Mama, saa ngapi?"

Nikatazama saa ya ukutani. "Saa sita."

Akanionyesha simu: saa tano.

"Hii imedaka mtandao wa Congo, hapo ng'ambo ya mpaka," akasema. "Kule saa yao iko nyuma yetu."

Akanieleza taratibu. Programu ilikuwa inatuma saa ya mahali simu ilipo bila kusema ni saa ya wapi. Kompyuta ya Koboko ikipokea, inadhani ombi ni la zamani, inalitupa. Kipande cha programu kinachopima wakati walikichukua mtandaoni kikiwa tayari, na hakuna aliyekifungua kuona kinavyohesabu.

"Wewe umejuaje?" Albert akamuuliza.

"Chuoni tulifundishwa kompyuta inavyotunza wakati. Nilisinzia nusu ya somo, bahati nzuri si nusu hiyo."

Tulicheka! Akairekebisha, ombi sasa linakwenda na saa ya pamoja inayotumika dunia nzima. Tukajaribu palepale. Lado akapiga simu akipayuka, "Mama, imefika! Iko hapa!" Wauguzi wakapiga vigelegele kama tuko harusini. Tangu siku hiyo Albert anamfuata Hasifa kwa maswali mpaka anamchosha.

Mwanangu, zitumie hizo programu, nani anakukataza? Ila walioziandika hawajawahi kufika mpakani kwetu. Hawajui kwamba huku simu inavuka mpaka ikiwa juu ya meza. Wewe unapajua. Ukijua na kilichomo ndani ya programu hizo, kuna watu huku watakaopona. Tafadhali maliza masomo.

Hasifa anakusalimu. Jirani yetu Rabia na watoto wake pia. Bibi yako Jalia ameona picha yako, anasema umekonda na anataka kujua nani anakupikia.

Mungu akufungulie kichwa, akupe marafiki wema na usingizi wa kutosha, ila si darasani.

Wako akupendaye sana,
Shangazi Zuhurah