Tangazo la Msamo

Jumatano, 30 Aprili

Leo nimefanya utani kazini. Mimi, Noélie Zerbo, karani wa ofisi ya mitihani, ambaye bado sijathibitishwa kazini na ambaye hubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi.

Ilikuwa pale dirishani tunapowahudumia wanafunzi. Kafando alikuja na kundi lake la mwaka wa tatu wa uchumi, Wamosi watupu. Akainamisha kichwa kwa adabu ya uongo: "Umeamkaje, mla mbwa? Umetubakizia kichwa au umemaliza chote?" Makabila yetu ni watani: Mmosi akikutana na Msamo lazima mbwa atajwe, ndivyo tulivyorithishwa na mababu. Siku zote mimi hutabasamu na kurudi kwenye karatasi zangu. Leo sijui nilipandwa na nini. Nikamwambia, "Mtumwa wangu, mwaka huu hakuna Mmosi atakayefanya mtihani wa mwisho mpaka niletewe punda. Mnene. Tena aje na mtu wa kumlinda, maana nawajua, mtamla njiani."

Wakacheka mpaka Kafando akashikilia nguzo. Bwana Nikiema, mkuu wangu, naye Mmosi, alisikia kutoka ndani akasema, "Kumbe huyu binti ana ulimi."

Maharage yangu ya mchana yalikuwa matamu kuliko kawaida.

Jumatatu, 5 Mei

Feni imekufa. Joto la kuoka mkate.

Bwana Nikiema amefiwa na mama mkwe, mjini Koupéla. Kabla ya kuondoka kaniachia uamuzi wa Baraza la chuo niutangaze. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye kiporo – somo lolote aliloanguka miaka iliyopita – haruhusiwi kuingia mtihani wa mwisho mpaka alirudie. Marudio ni Jumatatu ijayo. Kujiandikisha mwisho Ijumaa adhuhuri. Asiyejiandikisha atangoja mwaka mzima. Zamani walivuka na viporo vyao mpaka mwisho, wakavimaliza walipotaka. Sasa basi.

"Andika, weka saini, bandika," alisema, ufunguo wa gari tayari mkononi.

Nikauliza, kwa jina langu?

"Ulitaka kwa jina la mbwa?"

Akaenda. Muhuri ameufungia kwenye droo yake, kama kawaida. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Mwisho nimesaini: N. Zerbo, kwa niaba ya Mkuu wa Mitihani. Ile Z imepinda, inaonekana kama nyoka aliyekanyagwa. Nimebandika na kukimbia.

Jumanne, 6 Mei

Wamekuja Wabobo wachache na Mgurunsi mmoja. Wamejiandikisha kimya kimya, wakashukuru. Mmosi hata wa dawa hakuna. Na hapa Ouagadougou ukirusha jiwe gizani atakayelia ni Mmosi! Wamejificha wapi?

Saa tisa nilikwenda kulitazama tangazo. Chini yake mtu amechora punda. Mchoro mzuri, masikio sawasawa. Pembeni ameandika: Yuko njiani, bibi mkubwa, amesimama kula majani.

Nikasimama pale.

Wameona Zerbo – jina la Kisamo. Wakakumbuka maneno yangu ya dirishani. Wanadhani ni utani.

Jumatano, 7 Mei

Nimefungua jalada la Kafando. Ana kiporo cha Takwimu tangu mwaka wa kwanza. Na anataka kufanya usaili wa forodha. Ameomba barua ya uthibitisho mwezi wa tatu, mimi mwenyewe niliichapa. Usaili unataka shahada, tena una kikomo cha umri. Mwaka ujao atakuwa amekipita. Akikosa Ijumaa hii, amekosa forodha moja kwa moja. Kwa sababu ya ulimi wangu.

Nikaenda kantini. Sijawahi kuingia kantini ya wanafunzi. Nikasimama kando ya meza yao, Kafando akamega ugali, akachovya kwenye bamia, akasema, "Jamani, mwenye nchi amekuja. Mficheni mbwa."

Nikasema tangazo ni la kweli. Kicheko. Nikasema ni uamuzi wa Baraza. Kicheko zaidi. Nikaapa kwa mama yangu aliyenizaa.

"Anaapa!" Msichana mmoja alipiga meza. "Msamo anayeapa ndiye hatari. Bibi yangu alisema ukimwona Msamo anaapa, hesabu kuku wako."

Ndipo machozi yakanitoka. Ya kweli, hata kamasi. Niliposikia makofi nikakumbuka: kwenye misiba ya Wamosi ni sisi Wasamo tunaojitupa chini na kulia kwa mbwembwe ili wafiwa wacheke. Nimelia nikapigiwa makofi. Kafando akafuta macho yake, akasema, "Huyu apewe pombe. Siku nikifa lazima aje."

Nimerudi ofisini na kibakuli cha maji ya ubuyu walichonipa kama zawadi. Nimekunywa. Nilikuwa na kiu.

Alhamisi, 8 Mei

Nilimwomba Mzee Diallo, mlinzi wa geti, akawaambie yeye. Akakataa. "Mwanangu, mimi ni Mfulani. Nikifungua mdomo, hata Wabobo waliojiandikisha watakuja kujifuta." Ni kweli, Wafulani na Wabobo ni watani tangu enzi. Nchi hii ngumu kwa mtu mwenye habari ya kweli.

Nikaenda ofisi ya Rekta, mkuu wa chuo. Katibu hakuinua macho: ngoja bosi wako.

Nikampigia bosi wangu. Nilijifunza maneno kwanza, kama shairi la shule.

"Pole kwa msiba, Bwana Nikiema. Samahani. Wamosi wamekataa kujiandikisha mtihani. Wanasema ni utani."

Kisha nikamsikia akiwageukia watu: "Njooni, njooni. Msamo wangu amepiga simu."

Akaniweka kwenye spika. Msiba mzima wa Koupéla ukanisikiliza. Nikasema tafadhali bwana, kesho adhuhuri ndiyo mwisho, waambie wewe mwenyewe. Nikasikia wanawake wakicheka, wanawake waliokuwa wanalia tangu Jumapili. Kizee mmoja akasema, "Mungu ambariki, angalau Msamo mmoja ametukumbuka." Mwingine akauliza kama nitaruhusu marehemu azikwe au naye hajajiandikisha.

Bwana Nikiema akachukua simu, sauti imelowa kicheko. "Asante, binti. Umefanya kazi yako. Ukinipigia tena nakufukuza."

Je, hilo nalo ni utani? Nimekaa na simu mkononi kama mtu aliyeshika yai la mwenzake.

Ijumaa, 9 Mei

Sijui nianzie wapi. Nimeiba pikipiki.

Nilikuwa nafungua dirisha asubuhi nikamwona Kafando anaegesha chini ya mwarobaini. Ufunguo akauacha hapo hapo, akamkimbilia mwenzake kusalimiana. Nami nikawaza: hawa hawaniamini nikisema kweli. Lakini utani wanautii. Mmosi hawezi kumkasirikia Msamo aliyechukua kitu chake. Atakikomboa, ndiyo sheria, na sheria hiyo ni kongwe kuliko Baraza.

Nikatoka. Nikachomoa ufunguo, nikauinua juu mbele ya watu wote.

"Watumwa wangu, nimeteka punda wa chuma. Fidia yake ni hii: kila Mmosi mwenye kiporo aje dirishani kwangu aandike jina na somo lake. Kabla ya adhuhuri. Akikosekana hata mmoja, Kafando atatembea kwa miguu mpaka ndevu zimfike magotini."

Sauti ilikuwa yangu kweli?

Kafando alikaza uso. Kwa muda mfupi niliona nimekwisha. Kisha akageuka: "Ndugu zangu, mnataka nitembee?"

Wakaja. Walikuja wakiimba, wamejipanga, wengine wamejitwika matawi makavu ya mwarobaini kama kuni za bibi mkubwa. Msichana wa kantini aliandika jina lake akiwa amepiga magoti. Mwingine aliuliza kama asaini kwa wino au kwa damu ya mbwa. Mimi nilikagua kila jina na somo, nikabandika orodha, nikatoa nakala kwa katibu wa Rekta kabla adhana ya adhuhuri haijaisha.

Wamejiandikisha. Wote. Hawajui.

Kafando akanyoosha mkono. "Ufunguo, mtani."

Nikamwambia ataupata Jumatatu, mlangoni pa ukumbi wa mitihani.

"Jumatatu nitakuwa nimelala."

"Basi utalala mtu wa miguu."

Jumapili, 11 Mei

Pikipiki ipo uani kwetu. Mama ameuliza mara moja, hajauliza tena. Ameifunika kwa khanga isipigwe na jua.

Bwana Nikiema amepiga simu. "Nasikia umewaandikisha watu kwa kuwaibia pikipiki. Ofisi ya serikali. Baraza likiniuliza nitasema nini?" Nikangoja kicheko. Nikakingoja tena. "Kesho asubuhi nitakuwa ofisini," akasema. Simu ikakatika.

Nimejaribu kukumbuka kama hata alipumua kama mtu anayecheka. Ugali umenishinda.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika mlangoni pa ukumbi, daftari juu ya goti. Mkuu hajafika, kwa hiyo majina naita mimi.

Wabobo wameingia wa kwanza. Mgurunsi naye. Viti vya Wamosi vilikuwa vitupu, vimejipanga kama meno ya mtu anayenicheka.

Kisha ngoma getini. Mzee Diallo anakimbia huku ameshika kofia. Wamemleta punda. Wa kweli, mnene, ana ua nyuma ya sikio. Kafando anamvuta mbele, wenzake wote nyuma. Wamemfunga kwenye mwarobaini, mbele ya dirisha langu.

"Fidia imetimia," kasema. "Ufunguo."

Nikamwonyesha kiti chake. Nikamwonyesha karatasi ya maswali juu yake, muhuri wa Baraza umegongwa kwenye kona. Muhuri mwekundu, usio na jina la Msamo yeyote. Akausoma. Akanitazama. Akausoma tena. Kicheko kilimtoka usoni polepole, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

"Zerbo," akasema. Hajawahi kuniita kwa jina. "Tangu lini ni kweli?"

"Tangu Jumatatu iliyopita."

Akawageukia wenzake, akasema neno moja kwa Kimoore, lugha yao, kwa sauti ya chini. Ngoma ikanyamaza. Wakaingia mmoja mmoja, kila mtu akitafuta kiti chake. Yule wa kantini alipita akanigusa bega.

Kafando amerudi mlangoni sasa hivi. Amenong'ona, "Mtani, una kalamu? Na ule wastani, mtu anajumlisha kwanza au anagawanya kwanza?"

Kalamu nimempa. La pili nimekataa kujibu. Naandika kwa penseli.

Gari la Bwana Nikiema limeingia getini. Ameshuka. Amesimama mbele ya punda na kumtazama, kisha akatazama dirisha langu, kisha huku. Uso wake hausomeki. Mkono mmoja una faili. Mwingine una kibuyu kilichozibwa kwa majani, kama vile vya pombe ya mtama wanavyomwekea mtani baada ya mazishi. Au ni chake tu, cha safari.

Anakuja. Ufunguo wa Kafando bado uko kiganjani mwangu, umelowa jasho, na sina mfuko wa kuuficha.