Pikipiki Yako ya Moshi wa Buluu

Baba Sauda wangu mpendwa,

Nimekaa barazani, mikono inanuka esansi, na pikipiki yako iko mbele yangu, imeoshwa. Najua ungeuliza hali yake kabla ya kuuliza yangu, kwa hiyo nakujibu: ni nzima. Moshi wake bado ni wa buluu, sauti yake bado inatawanya kuku wa jirani, na bado haikubali esansi tangini mpaka uichanganyie mafuta ya injini.

Zamani niliionea wivu, sikufichi. Ulikuwa unailaza sebuleni. Mama yako alipotutembelea alikaa kwenye mkeka kando ya ukuta ili pikipiki isihamishwe. Nilikuwa nakuambia umeoa wawili, nawe unacheka tu, unasema ni nyepesi, haina makuu, na katika udongo wa njia ya Kabambare hakuna nyingine itakayokurudisha nyumbani.

Nilikuja kuamini siku ile tulipokuwa tunarudi kutoka Wamaza, kumsalimu mama yangu. Tulikuwa tumelala Lusangi, asubuhi tukashika njia ya Kasongo na gunia la karanga na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu gurudumu la nyuma likateleza, tukaanguka sote. Mimi sikuumia. Wewe ulibaki umekaa chini, umeshika mkono wa kushoto, kifundo kinavimba tukikiangalia. Mkono huo ndio unaobana ambreyaji, na bila kuibana hubadilishi vitesi, gia haiingii hata moja. Simu haikuwa na mtandao, mawingu yalikuwa yanajikusanya, na mbele yetu kulikuwa na kijito ambacho mvua ikishanyesha hakivukiki.

Ukasema, "Mama Sauda, utaendesha wewe."

Nikakuambia sijawahi kuendesha hata baiskeli. Ukajibu kwamba afadhali hivyo, sina mazoea mabaya ya kuacha.

Ukapanda nyuma yangu, kuku ukampakata. Mara ya kwanza ilizima. Mara ya pili ilizima. Mara ya tatu iliruka kama mbuzi ikatuingiza kwenye nyasi, nikaanza kulia. Hapo ukaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo kila nikikaa juu yake: "Usiionee huruma. Hii ikionewa huruma inalala. Ipe esansi mpaka ilie, halafu uiamini."

Niliipa. Ikalia bila nguvu, kisha ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo, ikatuvuta. Tulivuka kijito maji yakifika magotini, mvua inatupiga mgongoni, nami napiga kelele, sijui za hofu au za furaha. Mkono ulikuwa unakuuma sana, lakini nilikusikia unacheka sikioni mwangu.

Tuliingia Kasongo watu wakitoka msikitini, wamemaliza swala ya alasiri. Nilitaka tushuke, tusukume, nikuondolee aibu. Ukakataa. Kaka yako mkubwa alikuwa pale mlangoni, akauliza mbele ya wote kama siku hizi ni mwanamke anayekupakia.

"Ndiyo, kaka," ukasema. "Mimi niko abiria wake wa kwanza."

Mkono ulipopona nilidhani utaninyang'anya pikipiki. Badala yake ulinifundisha kufungua buji, ile plagi ya cheche, na kuisafisha, kushuka milima kwa freni tu kwa sababu injini hii haikuzuii, na kuisikiliza kabla haijalalamika.

Kisha ukaugua, ukatutoka. Nilipokuwa katika eda, kaka yako alikuja na ushauri, na aliutoa kwa moyo mwema: tuiuze, ninunue mpya, ya kimya, isiyotaka kuchanganyiwa mafuta. Siku eda ilipokwisha niliitoa uani, nikaipiga kiki. Kimya. Nikafungua buji, nyeusi tititi, nikaisugua kwa msasa nikairudisha. Kiki ya sita ikawaka. Moshi ukajaa uani, na Sauda wetu akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akasimama katikati ya moshi amefumba macho.

"Mama," akasema, "hii harufu ni ya baba."

Tulilia, kisha tukaanza kucheka kwa sababu tulikuwa tunakohoa mno. Kesho yake nilimwambia kaka yako kwamba pikipiki haiuzwi.

Sasa napeleka vitenge Lusangi na Wamaza. Nimeanguka mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele ya watu, goti moja linanisumbua, na wanawake wa kule wananijua kwa mlio kabla hawajaniona. Mteremko ukiwa mrefu nasahau kwamba wewe hupo tena nyuma yangu. Najikuta nimesogea mbele kidogo ili ukae vizuri. Zamani nikigundua nilikuwa nahuzunika. Siku hizi nabaki hivyohivyo, nimesogea, mpaka chini.

Leo mvua imenyesha kutwa. Wenye pikipiki mpya wanasema njia ya Lusangi imeharibika, watangoja ikauke. Mimi natoka kesho asubuhi, na tangu mchana nina furaha ya mtu anayengoja sikukuu.

Pumzika, Baba Sauda. Sisi watatu hatujambo.

Mke wako,
Mama Sauda