Siku Tuliyomvalisha Masanja Suti

Mofu, Ifakara

Kwa dada yangu Mbuke,

Shikamoo dada. Natumaini mguu umepunguza kuuma na huko Maswa mvua imewakumbuka. Sisi huku tunapumua ila tumechoka, hata mimi niliyevusha kundi zima la ng'ombe mto Kilombero ukiwa umefurika, mamba wakinipisha kama mkuu wa wilaya.

Nakuandikia habari za mwanao Masanja. Tangu lori la mpunga limgonge pale Kibaoni akaumia ubongo, wakili wetu, mama mmoja anaitwa Agnella, amekuwa akidai fidia ya kumtunza yeye, mkewe Herieth na watoto. Watu wa bima wakasema watamtuma daktari wao amwone nyumbani. Wakili akatuonya tumwache kama anavyokuwa siku zote.

Sasa dada, mgeni anakuja kwa Wasukuma, nimwonyeshe mpwa wangu akidondosha mate? Nilimnyoa, nikamvalisha suti yangu niliyofungia ndoa, nikachinja jogoo. Daktari akimuuliza, najibu mimi. Nilisema Masanja analima kwa plau tangu alfajiri, maksai wanalala chini kwa uchovu, yeye anauliza shamba jingine liko wapi. Herieth alinifinya karibu ngozi itoke. Daktari alikula, akashukuru, akaenda kuandika kwamba mgonjwa amepona.

Bima wakakataa kulipa, sasa tuko mahakamani. Wakili hakunigombeza, alisema tu kwamba mjomba una mdomo mzuri, bahati mbaya umewafanyia kazi wale. Herieth amekonda. Anamwogesha mwanaume mzima, anamlisha, kisha anakwenda kupalilia mpunga wa watu.

Nawe utaitwa kutoa ushahidi. Upande wa bima unakutegemea, maana umewaambia watu kuwa mwanao amepona na mnaongea kwenye simu. Ndiyo maana naandika, kwa mdomo ningeanza porojo. Dada, maneno yale si yake. Herieth humnong'oneza sikioni, yeye hurudia. Ukimuuliza kama amekula, mkewe ndiye anayekujibu kwa sauti ya mwanao. Tulihofia presha yako.

Njoo. Usiniamini mimi, kaa naye kutwa nzima, kisha mwambie hakimu ulichokiona. Ukisema amepona, Herieth na watoto hawana tena pa kushika.

Herieth na wajukuu wako wanakuamkia. Masanja hajatuma salamu, na safari hii sitamtungia.

Ni mimi mdogo wako,
Mabula